Kikao cha Kwanza, Farkwa

Tumekalia madawati ya darasa la nne,
watu wazima, magoti yakigota mbao.
Ubaoni kuna hesabu za kugawanya,
mwalimu katuomba tusizifute.
Mimi ni katibu. Nina daftari la mistari
na kalamu ya kuazima.

Mahudhurio: thelathini na mmoja.
Wamo wa Kolo, walinzi wa michoro ya mapangoni,
wanaoongea taratibu kama watu waliozoea mwangwi.
Wamo wa vitalu vya miche, udongo haujawatoka kucha.
Yumo Mwasiti Isere, ahesabuye nyayo za tembo
kwa kamba ya mafundo;
daftari, asema, lililiwa na mchwa mara mbili,
kamba bado.
Wawili wametoa udhuru:
tembo wameingia usiku kwenye mtama wao wenyewe.

Hoja ya kwanza, jina.
Ndahani akasema, "Chama."
Nyuma mtu akaguna: ukisema chama
utaulizwa bendera yake rangi gani.
Tukacheka, tukabishana, jua likahama dirisha.
Nimeandika "Umoja" kwa penseli.

Hoja ya pili, nani mwanachama.
Rasimu, iliyochapwa Kondoa kwa pesa za asali,
inasema: *mtu yeyote anayejitolea kuhifadhi.*
Mwasiti akainua mkono wenye kamba.
"Miaka kumi na miwili nimejitolea.
Kila nikijitoa, napungua.
Andikeni: *anayefanya kazi.*"
Nikalikata neno. Kalamu ikatoboa karatasi.

Hapo mlangoni akasimama Nyemo wa Lechipya.

Hili halimo katika ajenda,
lakini hakuna asiyelijua:
mwaka ule wa ukame, usiku, kando ya Bubu,
Lechipya aliifuata sauti ya msumeno
na makatambuga miguuni,
akamkanyaga moma.
Alfajiri tulimkuta ameegemea kisiki,
tochi bado inawaka, hafifu,
kama iliyokuwa ikiona haya.
Taarifa ya wilaya ilikuwa mstari mmoja:
*raia mmoja ameumwa na nyoka.*
Raia mmoja.
Kana kwamba alikuwa akitoka kilabuni.

Nyemo akafungua fundo la kanga.
"Nasikia ada ni elfu tano. Mwandikeni."

Chidawali, mweka hazina, ni mtu wa vifungu.
Akavaa miwani, akafunua rasimu, akalamba kidole, akafunua tena.
"Kifungu cha tisa," akasema,
"mwanachama atakoma uanachama kwa kufariki."
Njiwa walikuwa wakitembea juu ya bati.
"Kinasema kukoma," akaendelea polepole.
"Kuanza, sioni kilipokataza."

Mwenyekiti akauliza nani anapinga.
Nimeandika: hakuna.
Sikuandika kwamba Ndahani alitoka nje
akakaa huko muda mrefu kuliko haja ndogo.

Kitabu cha risiti kilikuwa kipya, kurasa zimegandana.
*Imepokelewa kutoka kwa* —
Chidawali akasita. "Nikuandike wewe, mama?"
"Muandike yeye. Mimi nimetumwa."

Basi nambari moja ni Lechipya.
Mwenyekiti amekuwa wa pili, na hakununa.

Risiti haina muhuri.
Muhuri unachongwa Dodoma mjini,
elfu thelathini na tano, na sanduku lina elfu tano,
ile ile ya Nyemo.
Akaikunja karatasi mara nne,
akaifunga palepale pesa ilipotoka.
"Mkiupata, nitaileta igongwe."

Yatokanayo: hakuna, maana ni kikao cha kwanza.
Mengineyo:
kijana mmoja wa doria, jina sikulishika,
alitazama miguu yake chini ya dawati,
akauliza kama viatu vinaweza kuwa hoja.
Saa tisa na nusu ilikuwa imepita,
watoto wanachungulia, wanataka darasa lao.
Nimeandika: *viatu, kikao kijacho.*
Nimepiga mstari chini yake.
Halafu wa pili.